Fundi Anajibu: Jostiki za Kijapani kwenye Paneli ya Kujitengenezea

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: jostiki zenye kichwa cha mviringo, za aina ya mashine za michezo za Japani, na namna ya kuzifunga kwenye paneli unayoiunda mwenyewe. Zilizofanana tumeziunganisha, ndefu tumezifupisha. Ukizisoma zote utagundua kwamba shida kadhaa zimeanzia kwenye unene wa ubao, hata pale mwandishi alipodhani kosa liko kwingine.

Nataka kujenga paneli ya watu wawili. Ninaowauliza, huyu ananiambia jostiki za kampuni ya Sanwa, yule za Seimitsu. Zinatofautiana nini hasa, na mimi ninayeanza nichukue ipi? – Mwanzo Mgumu

Chukua Sanwa JLF-TP-8YT mbili. Hatusemi hivyo kwa ajili ya jina, ila kwa ajili ya vipuri. Kwa JLF utapata springi ngumu na laini, mageti (fremu zinazoweka mpaka wa mwendo) ya mraba, ya pembe nane na ya duara, shafti ndefu (fimbo inayobeba kichwa), vichwa vya kila rangi. Ukikosea uchaguzi leo, kesho unabadilisha kipande kimoja, si jostiki nzima. Waya wake ni wa plagi ya pini tano, unachomeka tu, hakuna kulehemu. Mkononi ni laini, na mwendo wake ni mrefu kidogo.

Seimitsu LS-32 imekaza zaidi na inarudi katikati upesi. Wanaocheza michezo ya ndege na risasi, ambako unasogea nywele moja kushoto na nywele moja kulia, wengi huipenda hiyo. Ila angalia unachoagiza: LS-32-01 ina bodi ya pini tano, lakini LS-32 ya kawaida ina swichi nne zinazojitegemea, kila moja na masikio yake ya kuunganishia waya. Watu huagiza hii ya pili, kisha wakashangaa plagi yao haina pa kuingia.

Jostiki za Kikorea tumeulizwa pia. Zile ni ukoo mwingine: badala ya springi zina raba inayoishika shafti, geti lake ni la duara, na matundu yake ya kufungia hayalingani na ya Kijapani. Kama bado hujawahi kuishika, usiijengee paneli.

Kichwa kisikusumbue. Kile cha mviringo kina kipenyo cha mm 35 na uzi wa M6, na vipo vichwa vya umbo la rungu vyenye uzi huohuo. Kukibadilisha, ingiza bisibisi bapa kwenye mfereji ulio kwenye ncha ya chini ya shafti, izuie isizunguke, halafu fungua kichwa kwa mkono kinyume cha saa. Ni kazi ya dakika moja.

Shikamoo fundi. Nimefunga JLF chini ya ubao wa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) wa mm 18, juu nimeweka akriliki (plastiki ngumu angavu) ya mm 3. Sasa kichwa kimekaa chini mno, vidole vinasugua paneli, na nikisukuma hadi mwisho shafti inagonga ukingo wa tundu. Ninunue shafti ndefu? – Vidole Vinauma

Marahaba. Shafti ndefu acha kwanza. Jumlisha: 18 na 3 ni 21. Jostiki hii imebuniwa kufungwa chini ya paneli nyembamba, ya chuma cha milimita chache tu, na wewe umeizika kwa mm 21. Urefu huo wote umetoka kwenye sehemu ya shafti unayotakiwa kuishika.

Na kule kugonga ukingo kunatokana na kosa lilelile. Shafti inazungukia egemeo lililo ndani ya mwili wa jostiki, chini ya bamba lake la kufungia. Kadiri unavyopanda juu ya egemeo, ndivyo shafti inavyoyumba kwa upana zaidi. Tundu linalotosha kabisa kwenye bati la mm 2 linakuwa dogo kwenye mdomo wa ubao wa mm 18, kwa sababu pale juu shafti imeshapata nafasi ya kwenda mbali.

Dawa ni kuchonga ubao upande wa chini, mahali jostiki inapokaa, ubaki mm 5. Jostiki itapanda mm 13. Ukiongeza akriliki yako, bamba litakuwa mm 8 chini ya uso wa paneli, na hapo kichwa kinakaa mahali pazuri bila kununua chochote. Fanya kwa mpangilio huu:

1. Chora msalaba mahali katikati ya shafti itakapokuwa, kisha toboa tundu la mm 3 lipenye hadi upande wa pili. Tundu hilo dogo ndilo litakalohakikisha juu na chini vinashirikiana kitovu kimoja. Anayepima mara mbili, mara juu mara chini, hupishana mm 2 na kuendelea.

2. Geuza ubao. Weka bamba la jostiki yenyewe, kitovu chake juu ya tundu, ulichore kwa penseli pande zote. Usitegemee vipimo vya mchoro wa jostiki nyingine. Hata nakala zinazofanana na JLF kwa macho, matundu ya bamba lake huenda yakapishana. Ongeza mm 1 kila upande ili bamba liingie bila kugombana na ubao.

3. Kabla ya kuchonga, hakikisha tundu la plagi ya pini tano halielekei ukuta wa sanduku wala kitufe cha jirani. Likielekea vibaya, zungusha jostiki robo duara sasa hivi, kwenye penseli.

4. Chonga kwa ruta (mashine ya kuchonga mbao), mm 3 au 4 kwa kila pito, mpaka ufikie kina cha mm 13. MDF ikichongwa kwa pupa hupata manyoya na kuungua. Kikishakamilika, paka sehemu iliyochongwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, iache ikauke, piga msasa kidogo. Bila hivyo MDF iliyo wazi hunywa unyevu na kuvimba.

5. Geuza tena. Toboa tundu la shafti kwa ncha ya Forstner (ncha ya drili ya matundu mapana) ya mm 24, kutokea juu, huku chini umekaza kipande cha ubao chakavu ili mdomo wa chini usimeguke.

6. Tia bamba mahali pake, weka alama za matundu manne, toboa mm 4.5.

Sasa kufunga. Hapa wengi huharibu kazi yote. Ubao uliobaki ni mm 5, kwa hiyo skrubu ya mbao haina pa kuuma: fupi itang'oka siku ya kwanza mchezo ukipamba moto, ndefu itatokeza juu. Tumia bolti za M4 zenye kichwa cha kuzama, urefu mm 16, zikitokea juu kwenda chini. Hesabu yake ni hii: ubao mm 5, bamba karibu mm 2, washa (pete bapa inayokaa chini ya nati) mm 1, nati yenye plastiki ndani mm 5. Jumla 13, na unabaki na uzi kidogo wa akiba. Zamisha vichwa vya bolti hadi viwe sawasawa na uso wa ubao, kisha vigandishe hapo kwa gundi ya epoksi kabla hujaweka picha na akriliki juu yake. Usipovigandisha, siku utakapotaka kuitoa jostiki utazungusha nati na bolti nayo itazunguka, kichwa chake kimefunikwa, huna pa kukishika. Ndipo mtu analazimika kubandua picha nzima kwa ajili ya bolti moja.

Kaza nati mpaka washa igome kuzunguka kwa kidole, halafu robo duara tu. Ukizidisha, MDF inasagika chini ya bamba na baada ya wiki kadhaa jostiki inaanza kucheza.

Ruta huna? Acha ubao mmoja mnene, tumia mbao mbili nyembamba: plaiwudi ya mm 6 juu, MDF ya mm 12 chini. Ile ya chini ikate dirisha kwa msumeno wa jigi, lenye ukubwa wa bamba na nafasi kidogo. Bandika mbili hizo kwa gundi ya mbao na uzibane usiku kucha. Umepata kitu kilekile, na plaiwudi ya mm 6 ni imara kuliko MDF ya mm 5. Kusema kweli hata mwenye ruta angefanya vizuri akifuata njia hii.

Kuhusu shafti ndefu: zipo, nazo zinafanya kazi, lakini zina gharama yake. Kichwa kikiwa mbali zaidi na egemeo, mwendo wa mkono unaongezeka kabla swichi haijabonyea, na springi inaonekana laini kuliko ilivyo. Ni dawa ya mwenye paneli asiyoweza kuichonga, kama iliyokwisha kupakwa na kubandikwa picha.

Tundu la shafti nimelitoboa kwa ncha ileile ya mm 30 ya vitufe, maana ndiyo niliyonayo. Sasa ile washa nyeusi ya kuzuia vumbi, inayokaa juu ya paneli, inapotea pembeni na kunasa. – Ncha Moja

Washa ile inateleza pamoja na shafti. Tundu likiwa pana, ukisukuma hadi kona, ukingo wa washa unavuka mdomo wa tundu na kudumbukia. Kama akriliki bado hujaitoboa, jambo ni jepesi: tundu la ubao liache mm 30, la akriliki litoboe mm 24, washa itelezee juu ya akriliki. Kama zote mbili umeshatoboa, kata duara jembamba la plastiki ngumu lenye tundu la mm 24 na ulibandike juu ya akriliki. Washa mbili juu na chini ya paneli, kama wengine wanavyofanya, zinasuguana na kuongeza uzito kwenye mwendo.

Vitufe vyangu vya Sanwa OBSF-30 vinacheza kwenye ubao, vingine vinatoka nikivuta. Je, tundu la mm 30 nimekosea? – Kitufe Kimeng'oka

Tundu ni sahihi, kosa ni unene. OBSF ni kitufe cha kubana kwa masikio mawili ya plastiki pembeni. Masikio hayo yameumbwa yafunguke nyuma ya paneli nyembamba na kuing'ang'ania. Ndani ya ubao wa mm 18 hayafiki nyuma. Yamebanwa ukutani na kitufe kinashikiliwa na msuguano peke yake. Kwa ubao mnene nunua OBSN-30, aina ya kukaza kwa nati, lakini nayo pima: shika kitufe, hesabu urefu wa uzi, toa unene wa nati, kinachobaki ndio unene wa juu kabisa wa paneli yako, akriliki ikiwa ndani ya hesabu. Kwa ubao mnene kuliko hapo, zungushia tundu kibonde upande wa chini, nati ipate pa kukaa.

Umbali kati ya vitovu vya vitufe usipungue mm 36. Kitufe cha mm 30 kina ukingo wa mm 33 hivi, kwa hiyo ukiweka mm 32 kingo zinagongana na viwili havikai pamoja. Kabla ya kutoboa, chapisha mchoro kwa ukubwa wake halisi, ubandike kwenye katoni, uweke mikono na ujifanye unacheza kwa dakika kumi. Na kwenye mchoro chora mstari wa mm 100 ili uupime kwa rula baada ya kuchapisha. Printa zina tabia ya kupunguza ukurasa kidogo ili utoshe kwenye karatasi, na asilimia 4 kwenye vitufe sita ni kosa linaloonekana kwa macho.

Akriliki toboa ikiwa imebanwa juu ya ubao, karatasi yake ya kinga usiitoe, drili polepole. Ikianza kutoa utepe unaonata badala ya vumbi, imepata moto, pumzika. Nyufa nyingi za akriliki hutokea pale ncha inapotoboka upande wa pili, kwa sababu mkono bado unasukuma.

Nimeunganisha kila kitu. Nikisukuma juu, mchezaji anaenda kushoto. Nikienda kulia, anaenda juu. Bodi inayopokea waya zote imeharibika? – Njia Panda

Haijaharibika. Njia zako zote zimezunguka robo duara, maana yake jostiki umeifunga ikiwa imezungushwa nyuzi 90 tofauti na bodi inavyotarajia. Kwa JLF hilo ni la kawaida: bamba linaingia kokote, na plagi inaelekea kushoto, kulia, juu au chini kulingana na nafasi iliyokuwepo.

Usiifungue jostiki. Kama bodi yako ina programu ya kupanga njia, kwa mfano bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico iliyowekewa programu ya GP2040-CE, panga upya humo. Kama ni bodi ya bei rahisi yenye tundu la pini tano tu, hamisha waya kwenye plagi: kila waya una ulimi mdogo wa chuma unaoonekana kwenye dirisha la plagi, ubonyeze kwa sindano, vuta waya taratibu, uchomeke kwenye nafasi mpya. Waya wa pamoja, yaani ule unaotumiwa na swichi zote, ambao kwenye waya asilia wa Sanwa ni mweusi, usiuguse. Nyaya za viwanda vingine zina rangi zao, kwa hiyo usiamini rangi, pima.

Kupima ni hivi. Weka multimita (kipima umeme) kwenye mlio, hali ambayo inalia ncha zake mbili zikiungana. Ncha moja kwenye waya unaodhani ni wa pamoja, nyingine kwenye mmoja wa wanne waliobaki. Sukuma jostiki pande zote, sikiliza ni wapi inalia. Ukipata waya ambao ukiushika, kila mmoja wa wengine wanne analia kwa upande wake mmoja tu, huo ndio wa pamoja.

Na hapa pana mtego: ukisukuma kichwa juu, ncha ya chini ya shafti inaenda upande wa kinyume, kwa hiyo swichi inayobonyea ni ile iliyo chini. Anayefungua sanduku na kuandika "juu" kwenye swichi iliyo juu atakuwa amegeuza kila kitu. Andika kwa kufuata mlio wa multimita. Macho yatakudanganya.

Geti la mraba linanipa shida, ninapotea kwenye kona. Rafiki amenishauri nihamie pembe nane. – Kona Nne

Kabla hujanunua, elewa kwanza kazi ya geti. Geti ni ukuta tu, halina habari na swichi. Swichi inabonyea shafti ikiwa njiani, kabla haijagusa ukuta. Ukiisukuma mpaka igonge kila mara, unapoteza muda wa kwenda na wa kurudi.

Uzuri wa mraba upo kwenye kuteleza. Sukuma chini hadi ukutani, kisha teleza kulia huku umeegemea ukuta uleule: "chini" haikatiki hata sekunde moja, na ukifika konani umepata chini-kulia bila kutafuta. Kwenye pembe nane ukuta unapinda, na mkono wako lazima ufuate mpindo huo. Ukichelewa kidogo, kona inadondoka au upande ulionyooka unakatika. Kwa upande mwingine, pembe nane inakupa kijibonde kwa kila njia, na anayetoka kwenye jostiki za duara huipenda kwa sababu mkono unasikia njia nane bila macho.

Ushauri wetu: vumilia mraba kwa wiki tatu. Ukishindwa, geti la pembe nane la JLF linabadilishwa kwa klipu za pembeni, bisibisi si lazima. Ila usibadilishe kila siku mbili. Mkono hauwezi kujifunza nyumba inayohamahama.

Nikicheza Pac-Man, mchezaji anakwama kwenye kona za njia. Kwenye michezo ya kupigana hakuna shida. – Njaa ya Nukta

Pac-Man ni mchezo wa mwaka 1980, na mashine yake ilikuwa na jostiki ya njia nne. Donkey Kong ya 1981 nayo vilevile. Michezo hiyo haikutarajia swichi mbili kubonyea kwa wakati mmoja. Jostiki yako ya njia nane, unapokata kona kwa haraka, inapita kwenye mshazari, swichi mbili zinafunga pamoja, na mchezo unaendelea na njia ya zamani mpaka moja iachie.

Geti la mraba linaloweza kuzungushwa nyuzi 45 linakuwa almasi: kona zake sasa ziko juu, chini, kushoto na kulia, na mshazari umezibwa na ukuta. Angalia geti lako kama lina nafasi hiyo. Si yote yanayo. Anayecheza sana michezo ya aina hiyo afunge jostiki ya tatu ndogo katikati ya paneli, ya njia nne tu, aiache hivyo. Kugeuza geti kila unapobadili mchezo maana yake ni kufungua sanduku kila jioni, na hakuna anayelifanya hilo zaidi ya mara mbili.

Jostiki ina miezi kadhaa. Sasa inalia kama mlango mkavu, na chini-kushoto hukatika mara moja moja. Nilipulizia mafuta ya kulainisha ya kopo, ikatulia siku mbili, ikarudi mbaya zaidi. – Mlango Mkavu

Mafuta ya kopo ni mepesi mno. Yanaosha grisi iliyokuwepo, yanaondoka, kisha vumbi linaganda mahali pake. Mengine hudhuru plastiki. Grisi inayofaa ni ya silikoni, iliyo salama kwa plastiki.

Fungua hivi. Toa kichwa. Geuza jostiki, toa geti, kisha bodi ya swichi. Chini utaona klipu ndogo ya umbo la E imeishika shafti. Kandamiza bushi nyeusi (kipande cha plastiki kinachobonyeza swichi) dhidi ya springi kwa kidole, kisha sukuma klipu kwa bisibisi bapa, huku mkono mwingine umefunika juu. Klipu hiyo ikiruka haipatikani. Fanyia kazi ndani ya mfuko wa plastiki ulio wazi, au juu ya taulo. Kila kipande kinachotoka kiweke mezani kwa mstari, upande kilivyotoka, na upige picha. Bushi ikirudi kichwa chini, jostiki inafungika vizuri kabisa lakini swichi zinabonyea vibaya, na mtu huhangaika nusu siku akilaumu waya.

Futa grisi ya zamani kwenye egemeo na kwenye bakuli lake kwa kitambaa kikavu. Weka mpya kiasi cha punje ya mchele, itandaze iwe utando. Swichi zisiguswe na grisi kabisa.

Kuhusu chini-kushoto: kwanza jaribu chini peke yake na kushoto peke yake, mara ishirini kila moja. Zote zikishika, basi swichi ni nzima na unakosa kona kwa mkono au geti halikukaa sawa. Moja ikikatika, bonyeza swichi yake kwa kidole huku multimita ikiwa kwenye mlio. Ikiwa mlio unakatika ukitikisa waya, tatizo ni plagi. Ikiwa unakatika bila kutikisa, ni swichi; kwa JLF badilisha bodi yote ya swichi, maana swichi zimelehemiwa juu yake.

Vitufe vya tano na sita havifanyi kazi, vinne vya kwanza viko sawa. – Nusu Usingizi

Waya wako wa pamoja unapita kitufe hadi kitufe, na umekatika kati ya cha nne na cha tano. Tafuta sikio la kuunganishia lililolegea hapo. Vitufe vya Sanwa vinataka ukubwa wa mm 2.8, na mtu akitumia ya mm 4.8 huingia lakini haibani. Ukishatengeneza, vuta waya mmoja kutoka kitufe cha mwisho urudi kwenye bodi. Mzunguko ukifungwa hivyo, mkato mmoja hauzimi kitu.

Jostiki yangu mpya haina swichi za kubonyea, inatumia mwanga. Nimeichomeka kwenye bodi yangu ya zamani, kimya. – Gizani

Za mwanga zinahitaji umeme wake zenyewe, mara nyingi volti 5, kupitia waya wa ziada ambao jostiki ya kawaida haina. Angalia karatasi yake utambue waya huo, uupeleke kwenye pini ya volti 5 ya bodi. Kama bodi yako ni Pico, umeme huo utoe kwenye pini ya VBUS, lakini pima kwanza volti zinazorudi kwenye waya za njia: pini za kuingizia za Pico ni za volti 3.3, na jostiki inayorudisha volti 5 moja kwa moja inaweza kuiua bodi.